Darasa la Metu

Jamhuri ya Mbelembele haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, na akihisi ameiona mahali, basi macho yake yamemdanganya. Ni nchi ya amani. Watu wake ni wapole, viongozi wake wananawiri, na kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri kabisa isipokuwa jambo moja dogo la sarufi.

Lilianzia uwanja wa mpira. Rais alialikwa fainali, akaona watu wengi wamekaa pamoja bila kuhutubiwa, roho ikamuuma, akaomba kipaza sauti. Tutajenga, akasema. Tutaleta, tutachimba, tutasambaza. Watu wa mzunguko, kule kwenye viti vya bei ya chini, waliokuwa wanasubiri mpira, wakaanza kuitikia kila kitenzi kwa makofi mawili na "ta-ta". Wiki haijaisha, nchi nzima inaiita serikali yake Serikali ya Ta. Mama akimuahidi mtoto kiatu, mtoto anapiga makofi mawili.

Rais aliumia. Akaunda tume ya maprofesa wanane wa lugha, wakajifungia hotelini miezi mitatu, wakatoka na ugunduzi. Ahadi za serikali hazina kasoro, walisema. Kasoro iko kwenye silabi. Kitenzi chenye "-ta-" kinamkumbusha mwananchi kwamba jambo halijafanyika, na mwananchi akikumbushwa hunung'unika. Kitenzi chenye "-me-" kinamtuliza. Ikaamriwa kwamba tangu siku hiyo nyaraka zote za umma ziandikwe kwa "-me-". Barabara imejengwa. Maji yamefika. Hata Idara ya Hali ya Hewa ilitii, ikatangaza kwa maandishi kwamba kesho mvua imenyesha nyanda zote za juu, na wakulima waliosomewa tangazo wakabaki wanatazama mbingu, hawajui wapande au wavune.

Kazi ya kusahihisha nyaraka za zamani alipewa mtaalamu wa kompyuta wa Ikulu, bwana mmoja aliyesomea ng'ambo miaka saba. Aliiambia mashine itafute "ta" popote ilipo na iweke "me" mahali pake. Akabonyeza kitufe, akaenda kunywa chai. Nyaraka elfu kumi na moja zilisahihishwa kabla sukari haijayeyuka kikombeni. Kompyuta haijui sarufi, inajua kutii tu, na ndiyo maana Ikulu waliipenda sana.

Iliitoa "ta" kwenye vitenzi, kisha ikaitoa kwenye kila neno lingine lililoibeba. Serikali za mitaa zikawa Serikali za Mimea. Mtaala ukawa mmeala. Kitabu kikawa kimebu. Tatizo likawa metizo, na kwa kuwa hapakuwa na ajuaye metizo ni kitu gani, ripoti za mwaka huo zilionyesha kwamba nchi haina hata moja. Wizara ya Utawala Bora ililala ikiitwa hivyo, ikaamka inaitwa Wizara ya Umewala Bora.

Hakuna aliyethubutu kurekebisha. Kurudisha "ta" kwenye karatasi ya serikali kulikuwa kosa la jinai, na sheria haikufafanua ni "ta" ipi. Midomo iliachwa huru, watu wakaendelea kusema vitabu na mitaa kama walivyozaliwa. Kilichofungwa ni kalamu. Wasomi walizoea upesi. Macho yao yaliona "kimebu" na akili ikapokea kitabu, bila hata kujikwaa. Wasiojua kusoma, ambao ndio wengi, hawakujua kama kuna kilichobadilika.

*

Katika utulivu huo alikuwamo Mwalimu Zamoyoni Chitete wa Shule ya Msingi Ukingoni. Alifundisha darasa la tatu, au kwa mujibu wa karatasi, Darasa la Metu. Alikuwa na watoto tisini na wanne na vitabu vya kusomea kumi na viwili. Mwezi wa kwanza aliwapima mmoja mmoja: walioweza kusoma sentensi nzima walikuwa watano, na katika hao watano mmoja alikuwa anakisia.

Miaka kumi na tisa alikuwa amewaona wanavyopita. Mtoto anatoka la tatu hajui kusoma, anapandishwa la nne kwa kuwa kiti chake kinahitajika, anafika la saba anachora jina lake kama mtu anayechora mbuzi. Kisha anarudi shuleni ana mtoto mgongoni, anaomba asomewe kadi ya kliniki. Mwalimu Zamoyoni alichoka kusoma kadi za kliniki. Mwaka huo alijiwekea nadhiri kwamba katika hawa tisini na wanne hatamwachia hata mmoja apite hajui kusoma.

Ndipo ikaja Fomu Namba Saba: Malengo ya Mwalimu ya Matumizi ya Teknolojia Darasani. Teknolojia yenyewe ilikuwa imekwisha kufika. Vishikwambi arobaini, ndani ya maboksi manne, vilipangwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Pancras Mdoe, chini ya picha ya Rais. Vilikuja na hati inayosema: "Vishikwambi arobaini vimefunguliwa na Mheshimiwa Waziri na vimetumika." Waziri alikuwa hajafika. Alisubiriwa apate nafasi.

"Mwalimu Mkuu," Zamoyoni alimwambia, "nikifungua boksi moja tu, nikavichaji pale zahanati kwenye sola yao, si watoto wataanza kusoma wiki hii?"

"Unataka kufungua kitu kilichofunguliwa?"

"Gundi hii hapa, Mwalimu Mkuu. Haijaguswa."

"Gundi naiona, na hati naiona. Sasa wewe unataka nimwite nani mwongo?" Mdoe alishusha sauti. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. "Gundi haina cheo, mama. Hati imesainiwa na Katibu Mkuu wa Wizara. Viache vikae."

Zamoyoni akarudi na fomu yake. Aliijaza kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Lengo lake lilikuwa moja: "Ifikapo mwezi wa kumi na moja, kila mwanafunzi ataweza kusoma ukurasa mmoja peke yake, bila kusaidiwa, kwenye kishikwambi au kwenye kitabu."

Fomu ilirudi baada ya siku nne ikiwa imechorwa kalamu nyekundu, pamoja na amri ya kuripoti kwa Afisa Elimu wa Kata. Huyu aliitwa Bwana Eliudi Sarota. Muhuri wake, baada ya kusahihishwa na kompyuta, ulisomeka AFISA ELIMU KAME, na kwa sababu hiyo Idara ya Maafa ilikwisha kumletea maharage ya msaada mara mbili. Hakuyarudisha.

"Mwalimu," Sarota alisema, akigonga karatasi kwa kidole, "hapa umeandika 'ataweza'. Una ugomvi na serikali?"

"Ni lengo, Bwana Afisa. Lengo ni jambo la mbele."

"Mbele tumeshafika. Andika 'ameweza'."

"Lakini hawajaweza. Wanaoweza ni wanne."

"Nani amekuuliza wangapi wanaweza? Nimekuambia uandike. Ni sarufi tu hiyo, mbona unaifanya kubwa? Na hicho kitabu kitoe, unanitafutia kesi."

Tuseme ukweli: aliandika. Alikuwa ameacha watoto tisini na wanne na kiranja, jua lilikuwa linapanda, na alitaka fomu ile imtoke mikononi. "Kila mwanafunzi ameweza kusoma ukurasa mmoja peke yake, bila kusaidiwa." Akatia saini. Alijua amekosea kabla kalamu haijainuka, lakini aliondoka, maana mtu akichoka hukubali mambo mengi.

*

Barua ya pongezi haikukawia. Wizara ilifurahi kumjulisha kwamba lengo lake limetimia kwa asilimia mia moja, mwezi wa tatu, miezi minane kabla ya wakati, na kwamba Ukingoni imekuwa mfano. Na kwa kuwa watoto wa Darasa la Metu wamejua kusoma, vipindi vyao vya kusoma vimefutwa kwenye ratiba na mahali pake pamewekwa Kipindi cha Shukrani, kila siku, dakika arobaini. Na kwa kuwa asiye na kiu hapewi maji, vimebu vyao kumi na viwili vimehamishiwa shule iliyo nyuma.

Bwana Sarota alikuja mwenyewe na pikipiki, gunia limefungwa nyuma.

"Nimefuata vitabu, mwalimu."

Zamoyoni hakuwa amelala vizuri tangu barua ifike, na kukosa usingizi kulikuwa kumemfungua akili upande fulani. "Naomba nione barua yako, Bwana Afisa." Akaisoma polepole. "Hapa pameandikwa vimebu."

"Ndiyo vitabu hivyo hivyo."

"Sawa. Nikikukabidhi, kwenye hati ya makabidhiano utaandika umepokea nini?"

Sarota alitoa kalamu, akaisimamisha juu ya karatasi. Akiandika vitabu, amerudisha "ta" kwenye karatasi ya serikali. Akiandika vimebu, ghala la wilaya litamdai vimebu kumi na viwili, na mtunza ghala alikuwa mtu wa kanuni. Alitazama zile juzuu kumi na mbili mezani, kona zimeliwa, majalada yameshonwa kwa uzi wa magunia, akazitazama kwa muda kama mtu aliyekutanishwa na ndugu asiyemjua.

"Una vimebu vyovyote hapa shuleni?" aliuliza mwishowe.

"Sina hata kimoja."

Akaandika: "Vimebu havipo." Akagonga muhuri wake wa ukame, akaondoka na gunia tupu. Zamoyoni alikaa chini kwenye sakafu ya darasa akacheka mpaka watoto wakaogopa.

Kuanzia hapo Kipindi cha Shukrani kilikwenda hivi. Watoto walisimama, wakaishukuru serikali kwa dakika moja, kwa sauti, dirisha wazi. Kisha mlango ulirudishwa, vitabu vikatoka, na watoto wakakaa sakafuni makundi makundi, wanane kwa kitabu kimoja. Kitabu kinawekwa katikati, kila mtu anakiona kutoka alipokaa. Wa chini wanakiona sawasawa, wa kando wanakiona kimelala, wa juu wanakiona kichwa chini.

Sikudhani, binti wa mlinzi wa ghala la pamba, alikuwa wa juu tangu mwanzo, maana alikuwa mdogo wa umbo na nafasi nzuri zilichukuliwa na wenye mabega. Mwezi wa sita Zamoyoni alimwita mbele asome, akampa kitabu. Mtoto akakigeuza kichwa chini, akasoma ukurasa mzima bila kukosea.

"Kwa nini umekigeuza?"

"Hivi ndivyo kilivyo, mwalimu."

Ikabidi amfundishe upya, na baada ya wiki mbili mtoto akawa anasoma pande zote mbili, jambo ambalo hata Katibu Mkuu wa Wizara hakuliweza.

Mwezi wa nane walikuwa sitini. Mwezi wa kumi walikuwa tisini na mmoja. Wale watatu wa mwisho walimtoa jasho: Mashauri aliyechanganya "b" na "d", na mapacha Kulwa na Doto waliokuwa wanasaidiana kukosea. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja Doto alisoma ukurasa wake akifuata kwa kidole, akafika nukta ya mwisho, akainua uso. Zamoyoni alitoka nje akalia, aliporudi akasingizia vumbi la chaki. Lengo lilikuwa limetimia kweli, miezi minane baada ya kutimia.

*

Wiki hiyo hiyo Mheshimiwa Waziri akapata nafasi.

Alikuja na msafara wa magari, mahema mawili, jenereta lililobebwa na lori na kikundi cha ngoma kutoka mjini, maana ngoma za Ukingoni zilionekana hazijaendelea. Wazazi waliketi nyasini. Vishikwambi vilitolewa maboksini. Mshereheshaji alitangaza kwamba vinafunguliwa tena kwa mara ya kwanza, watu wakapiga makofi. Vikachomekwa kwenye jenereta. Ndani yake Wizara ilikuwa imeweka kitu kimoja tu, ukurasa wa makaribisho.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "wapo wanaouliza teknolojia ni nini. Mimi nawajibu, teknolojia ni teknolojia. Wenzetu duniani wanazungumzia kesho. Sisi kesho tumeshaimaliza, tuko keshokutwa. Mtoto wa Ukingoni leo hana haja ya chaki. Hana haja ya ubao. Kwa kweli, tukiendelea hivi, hana haja hata ya mwalimu."

Makofi. Zamoyoni naye alipiga, kwa adabu.

Mwalimu Mkuu Mdoe alikuwa ameandaa mtoto mmoja mrefu aliyekariri ngonjera ya shukrani na angekishika kishikwambi kama anaisoma. Lakini Waziri siku hiyo alikuwa na furaha, na kiongozi akiwa na furaha hupenda kuchagua mwenyewe. Alinyoosha kidole kwa mtoto mdogo kuliko wote safu ya mbele. "Wewe binti. Njoo uwasomee wazazi."

Sikudhani akaja. Alipewa kishikwambi, akakiangalia, akakigeuza upande unaotakiwa. Kisha akasoma kama alivyofundishwa, sauti juu, kila neno na haki yake.

"Hiki ni kimebu chenu cha kwanza cha kielektroniki." Akameza mate. "Kimeandaliwa na Wizara ya U-me-wa-la. Umewala. Bora. Pamoja na Serikali za Mimea. Wananchi wote wanakaribishwa kumezama. Asiyemeka maendeleo ni adui wa meifa."

Bibi mmoja aliyekaa mbele, aliyekuwa mzito wa masikio na kwa hiyo akinong'ona kijiji kizima kinasikia, alimgeukia jirani yake. "Mtoto amesema amewala?"

"Amesema umewala. Anamwambia huyo mgeni."

"Kawala akina nani?"

"Sisi, akina nani tena."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana waliosimama, kikashuka nyasini kama moto wa kiangazi, kikafika hadi kwa wapiga ngoma wa mjini. Watu waliopoteza mashamba, watu waliokuwa wanasubiri maji yaliyofika miaka mitatu iliyopita, walicheka wakashikana mabega. Waziri alimnyang'anya mtoto kishikwambi na kukisoma mwenyewe. Na hapa tusimsingizie: kwa macho yake ya mazoea aliona Wizara ya Utawala Bora, basi. Hakuona kingine.

"Pameandikwa Utawala Bora," alisema, kwa mshangao wa kweli. "Mtoto huyu hajui kusoma."

Sikudhani alifunzwa nyumbani asibishane na wakubwa. Alisogea, akanyoosha kidole kwenye kioo, akamwonyesha taratibu kama anavyomwonyesha Doto. "Siyo 'ta', babu. Ni 'me'. Tazama, mwalimu ametufundisha."

*

Tume ya uchunguzi ilifika Jumatatu. Walikuwa watatu: Profesa mmoja wa wale wanane wa sarufi, mwanasheria ambaye hakusema neno siku nzima, na Bwana Sarota kama mwandishi wa kikao. Walikaa mbele ya Darasa la Metu, watoto wote tisini na wanne wakiwamo, na Profesa akasoma hadidu za rejea kwa sauti. Hakuwatoa watoto nje. Watu wa aina yake huzungumza mbele ya watoto kama wanavyozungumza mbele ya madawati.

"Mwalimu Zamoyoni, suala hili lina njia mbili tu," alisema. "Njia ya kwanza, mtoto yule hajui kusoma. Alibwabwaja, likatoka lililotoka. Watoto wasiojua kusoma wamejaa katika kila shule ya nchi hii, na hakuna mwalimu aliyewahi kuadhibiwa kwa hilo. Njia ya pili, mtoto yule anajua kusoma, na alisoma kilichoandikwa. Hapo wewe umewafundisha watoto kusoma herufi kwa herufi, na mtu anayesoma herufi kwa herufi nyaraka za serikali ni hatari kwa usalama. Akipatikana mtoto mmoja tu darasani humu anayesoma namna hiyo, basi wewe umefukuzwa kazi na umefungwa miaka mitano."

"Na fomu yangu?" Zamoyoni aliuliza. "Fomu Namba Saba inasema wote wameweza. Mliipongeza."

"Fomu haina tatizo. Asilimia mia moja inabaki asilimia mia moja. Tunachochunguza hapa ni kama ni kweli."

Akamruhusu aseme na wanafunzi wake, kwa ufupi. Zamoyoni alisimama mahali pake pa kila siku, karibu na ubao. Hadidu zilikuwa zimemfikia kwa barua mapema, na usiku kucha alikuwa amejiuliza atawaambia nini, na kila alipojaribu kulitengeneza lile neno, neno la kuwaambia wajifanye mabubu, aliliacha nusu. Mwaka mzima aliwaambia wafungue midomo. Hakuwa na ulimi wa kuwaambia kinyume chake.

"Watoto," alisema, "mtapewa karatasi. Msome kama nilivyowafundisha."

Profesa aliandika mahali kwamba mwalimu ametumia "-ta-".

Sikudhani aliitwa wa kwanza. Karatasi ilikuwa na maneno yale yale ya makaribisho. Aliipokea kwa mikono miwili. Zamoyoni, aliyekuwa amesimama kando, hakutazama karatasi, alitazama macho ya mtoto. Yalianzia kushoto, yakatembea hadi mwisho wa mstari, yakarudi, yakashuka mstari wa pili. Hayakuruka neno. Mstari wa tatu, penye "kumezama", pembe ya mdomo ilicheza kidogo, kama mtoto anayezuia kicheko kanisani, kisha mdomo ukakazwa. Macho yakafika nukta ya mwisho, yakainuka.

"Sijui kusoma," alisema Sikudhani.

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Akaitwa wa pili. "Sijui kusoma." Wa tatu. "Sijui kusoma." Hawakuwa wamepangana, hapakuwa na mapumziko, na hakuna aliyetoka. Walikuwa wamesikia hadidu za rejea, basi, nao walikuwa na masikio mazuri. Mtoto mmoja baada ya mwingine alipokea karatasi, akakaa nayo, akasema hajui. Wepesi walisema upesi. Wazito walichukua muda, kwa sababu hakuna aliyetaka kusema hajui kabla ya kufika mwisho. Mashauri alisimama na karatasi yake dakika mbili nzima, akirudia mahali penye "b" mpaka akahakikisha si "d", ndipo akatangaza kwa sauti thabiti kwamba hajui kusoma.

Alipofika Doto, kidole chake kilipanda chenyewe kwenye karatasi kikaanza kutembea chini ya mstari.

"Mbona huyu anafuata kwa kidole?" Profesa aliuliza.

Doto aliganda. Darasa zima liliganda. Bwana Sarota hakuinua kichwa kutoka kwenye kumbukumbu zake. "Ni watoto, Profesa," alisema. "Wanachezea karatasi tu."

"Sijui kusoma," Doto akasema.

Saa saba kasoro, tume ilifunga kazi. Sarota aliandika: "Wanafunzi waliohojiwa, tisini na wanne. Wanaojua kusoma, hakuna." Karatasi hiyo ikabanwa kwa pini pamoja na Fomu Namba Saba, kwenye jalada moja, na hadi leo zinakaa humo pamoja bila ugomvi. Profesa alimpa Zamoyoni mkono. "Hongera sana, mwalimu. Umesalimika. Na endelea na moyo huo huo." Alikuwa mchangamfu kama daktari aliyeleta habari njema. Zamoyoni akatia saini palipoonyeshwa. Ilikuwa mara yake ya pili mwaka huo kusaini uongo juu ya watoto wale, na safari hii uongo ulikwenda upande mwingine.

Gari liliondoka. Vumbi likatulia. Watoto walikuwa wamekaa wima, mikono juu ya magoti, wanamtazama, wanasubiri awaambie kama wamefanya vizuri. Zamoyoni alitaka kuwashukuru. Alitaka pia kuchukua fimbo awachape wote, na kuvunja dirisha, na kukimbiza lile gari hadi mjini, kwa jinsi hasira ilivyomshika. Miezi kumi aliwatoa sauti, silabi kwa silabi, na wale watu waliwanyamazisha kwa asubuhi moja, tena bila kugusa mtu. Akageukia meza, akafungua andalio la masomo, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi, akatafuta kinachofuata.

Baada ya kusoma kwa sauti, mtaala unataka mtoto afundishwe kusoma kimoyomoyo: apitishe macho kwenye maandishi, midomo imefungwa, aelewe kila neno, na mtu aliye karibu naye asijue kwamba anasoma. Ni somo la darasa la nne. Huchukua muhula mzima, na wapo wanaofika la sita hawajalimudu.

Wa kwake walikuwa wamelijua wote.